Nyapara wa Bandani

Fundi alihamia kwa dada yake na mizigo michache: kasha la sindano, jora la kitambaa cha magodoro, mfuko wa nguo, na boksi la katoni lililotobolewa matundu ubavuni. Ndani ya boksi walikuwamo vifaranga tisa. Si wale wadogo wa kutia huruma. Hawa walikuwa wamefika umri wa ubishi, shingo ndefu, miguu mirefu, manyoya ya kweli yameanza kuyasukuma yale ya utotoni. Nusu kuku, nusu brashi ya choo.

Nyumba aliyokuwa amepanga iliuzwa, na mnunuzi alitaka kuibomoa. Yeye na mumewe walishaachana zamani, na watoto hakujaliwa. Alibaki na dada yake mkubwa tu.

Mtaa mzima ulimwita huyo dada Afande. Alikuwa askari wa jela tangu usichana mpaka alipostaafu, na kwa jinsi alivyoishi ungedhani hakuna aliyemwambia kwamba kazi imekwisha. Alitembea na rungu. Jiko alilifunga kwa kufuli mchana kweupe. Funguo zilining'inia kiunoni, na ukizisikia zinakuja ulijikuta umekaa sawa bila kuambiwa.

"Hao wa nini?" aliuliza pale getini, macho kwenye boksi.

"Wangu, dada. Nimewalea mwenyewe kwa taa na pumba. Ningemwachia nani?"

"Mimi nina kuku wangu."

"Basi watapata wenzao."

Afande alicheka kwa pua. "Wenzao! Twende ukawaone hao wenzao."

Banda lilikuwa nyuma ya nyumba, la mbao na mabati, na mbele yake kiwanja kidogo kilichozungushiwa fito. Makoo kumi na jogoo mmoja. Jogoo aliitwa Bwana Jela, kwa kuwa alijitanua sana na kazi hakufanya. Aliyetawala hasa alikuwa koo mwekundu, mnene wa shingo, ambaye Afande alimpa jina la Nyapara, kama yule mfungwa anayewekwa kuwasimamia wafungwa wenzake. Nyapara alikula kwanza. Nyapara alilala kwenye ufito wa juu. Akinyanyua kichwa, banda zima lilinyamaza. Chini yake alikuwa koo mweusi aliyeitwa Karani, kwa sababu kila mara alikuwa anachakura pembeni ya mkubwa.

"Wafungulie tu hapa hapa," Afande alisema. "Watajuana."

"Watauliwa."

"Watapigwa, hawatauliwa. Sikiliza, mdogo wangu. Mgeni akiingia seli, siku ya kwanza anapigwa. Hapigwi na sisi, anapigwa na wenyeji. Sisi tunageuka pembeni, tunaangalia ukuta. Siku ya pili ameshajua ndoo iko wapi na nani analala dirishani. Kuna amani."

"Na asiyefika siku ya pili?"

"Wote wanafika." Afande alishika funguo zake zikaacha kulia. "Karibu wote."

Fundi hakubishana zaidi. Yeye maisha yake yote alikuwa anafumua magodoro ya sufi, anachambua madonge kwa vidole, anashona upya, na kazi hiyo haifanywi na mtu mwenye haraka. Kesho yake alinunua wavu wa waya, akaikata kona moja ya banda kwa misumari na vipande vya mbao, akawaweka vifaranga wake humo.

"Waonane kwanza," alisema. "Wanusane, wazoeane. Mwezi hivi, au zaidi kidogo."

Siku zilizofuata makoo walipita mbele ya ule wavu kama watu wanaopita mbele ya duka la nyama. Nyapara alisimama hapo saa nzima, shingo imelala ubavu, jicho moja halipepesi. Mara moja moja alipiga waya kwa mdomo, ngwee, na vifaranga wote tisa wakarukiana.

Tatizo lilikuwa kona yenyewe. Hapo ndipo palipokuwa na masanduku ya kutagia. Makoo walipokuta njia imezibwa walianza kutaga ovyo: nyuma ya pipa, ndani ya ndala kuukuu, chini ya kuni. Afande, mwenye magoti mabovu, ikambidi apige magoti kila asubuhi kutafuta mayai kama mtu aliyepoteza pete.

"Nyumba hii ina wakubwa wangapi?" aliuliza siku moja wakinywa chai.

"Mmoja, dada. Wewe."

"Basi mbona kuku wangu wanataga kama watoro?"

"Nipe wiki mbili."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi siponi, mimi naumwa magoti."

Fundi alicheka, akadhani ni utani. Asubuhi iliyofuata aliitwa nyumba moja mbali kidogo kwenda kushona upya godoro la mgonjwa. Alibeba sindano zake akaondoka.

Afande alipiga magoti penye kuni. Akanyoosha mkono, akapapasa, akaligusa yai, na hapo hapo goti likateleza juu ya ukuni. Yai likapasukia kiganjani, na goti likapiga kelele ambayo aliisikia mpaka kwenye meno. Alibaki chini muda mrefu. Aliponyanyuka hakunawa mkono. Alikwenda moja kwa moja kuchukua koleo, akaingia bandani, akazikata waya za ule wavu, akauangusha chini.

Kisha akafanya kama alivyozoea. Aligeuka pembeni, akaegemea mlango, akaangalia ukuta wa jirani.

Alizijua kelele za namna ile. Zina mwanzo wake, zina kilele, halafu zinashuka, na mtu anajua kwamba sasa anaweza kugeuka. Alisikia mabawa. Alisikia vifaranga wakilia kwa sauti moja nyembamba. Alisikia bati likigongwa. Akangoja zishuke.

Hazikushuka.

Alipogeuka, Nyapara alikuwa amemkanyaga kifaranga mmoja mgongoni na kumvuta ngozi ya shingo, taratibu, kama mtu anayevua soksi. Kifaranga alikuwa hai. Wengine walishaona wekundu, na kuku akiona wekundu hana simile. Karani alikimbia na kipande cha utumbo mdomoni, makoo watatu wakimfukuza. Kwenye kona, vifaranga wengine walikuwa wamelundikana, wa chini wameshakufa kwa kukosa pumzi, wa juu wanadonolewa macho. Bwana Jela, ambaye siku zote alikuwa mvivu, aliruka na kushuka juu ya lundo lile kwa kucha, akaruka tena.

"Inatosha!" Afande alipiga kelele.

Sauti ile iliwahi kunyamazisha mabweni yenye watu mia. Bandani hakuna hata kichwa kimoja kilichoinuka.

"Nimesema inatosha!"

Aliingia na rungu. Pigo la kwanza lilipasua debe la maji. La pili lilimpata koo mweupe ambaye alikuwa amesimama tu, akaanguka akitupa miguu, na wenzake wakamgeukia yeye naye. Afande alikanyaga kitu laini kikavunjika chini ya kandambili. Aliinama, akamnyakua kifaranga aliyekuwa chini ya Nyapara, na Nyapara akauparamia mkono wake, akauma nyama kati ya kidole gumba na cha shahada, akaning'inia hapo. Afande alimpiga ukutani. Koo alianguka, akajikung'uta, akarudi tena.

Alipofanikiwa kuwasukumia wote kiwanjani na kufunga mlango, mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko. Kifaranga mmoja alikuwa juu ya boriti, amejikunja. Yule aliyemshika alikuwa na jeraha wazi kutoka kisogoni mpaka katikati ya mgongo, ngozi imeanguka ubavuni kama kola iliyofumuka. Wengine saba walikuwa vipande.

Fundi alirudi mapema, kwa sababu godoro la mgonjwa halikuwa bovu kama alivyoambiwa. Alisimama mlangoni mwa banda. Aliuona wavu chini, akaziona waya zilivyokatwa sawasawa.

"Nani amefungua?"

"Mimi."

Fundi aliweka kasha lake la sindano chini, polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Kisha akamrukia.

Wanawake wawili waliokwisha kupita sitini walianguka kwenye matope ya lile debe lililopasuka. Fundi alikuwa mfupi, lakini vidole vyake vilikuwa vimevuta nyuzi za katani miaka arobaini, na alipovifunga shingoni mwa dada yake Afande aliona giza. Alimpiga Fundi kiwiko cha mbavu. Fundi akamng'ata sikio. Walibingirika juu ya manyoya na damu, kitambaa cha kichwa cha mmoja kikawa mdomoni mwa mwingine. Zilisikika pumzi tu. Mwishowe Afande alifanya alichofundishwa. Alitafuta kidole kimoja cha mkono uliokuwa kooni mwake, kile cha shahada, akakishika, akakikunja kwa nyuma.

Kililia kama kijiti kikavu.

Hapo hapo maji baridi yakawamwagikia wote wawili. Jirani muuza mkaa alikuwa amesimama juu yao na ndoo tupu, uso umemjaa vumbi jeusi, macho yamemtoka.

"Wanasema ndugu wakigombana uchukue jembe ukalime," alisema, akihema. "Mimi nimechukua ndoo. Afande, mwache mwenzio. Fundi, toka. Mungu wangu, hii damu yote ni yenu?"

"Si yetu," Afande alisema.

"Nyingine ni yetu," alisema Fundi.

Alikaa chini, akautazama mkono wake wa kulia. Kidole kilielekea kusiko. Hakulia. Alitambaa mpaka kwa yule kifaranga aliyechanika, ambaye alikuwa amelala kwenye maranda, kifua kinapanda na kushuka haraka haraka.

"Lete kasha langu."

"Huyu tumchinje tu," Afande alisema. "Anateseka."

"Nimesema lete kasha. Sindano ndogo, ile ya vifungo. Uzi wa hariri. Na maji ya chumvi."

"Utashonaje na kidole hicho?"

"Mimi sishoni. Unashona wewe."

Muuza mkaa alimshika kifaranga miguu na mabawa. Fundi aliosha jeraha kwa mkono wa kushoto. Afande alipiga magoti, goti likamlilia, hakulisikiliza. Alishindwa kutunga uzi mara tatu, ikabidi muuza mkaa autunge. Sindano ilipoingia mara ya kwanza kifaranga alipiga yowe, na Afande akavuta uzi kwa pupa.

"Usivute," Fundi alisema. "Godoro haliumii, huyu anaumia. Kutana na ngozi ya pili, ipitishe, legeza. Hivyo. Sasa nyingine."

"Sioni vizuri."

"Futa macho basi."

Afande alifuta macho kwa mkono wenye damu, uso ukazidi kuharibika.

"Kule kazini kwenu," Fundi aliuliza baada ya mishono kadhaa, "wale waliopigwa siku ya kwanza, mlikuwa mnawashona nyinyi?"

Sindano ilisimama. Muuza mkaa aliangalia pembeni.

"Hatukuwa tunashona," Afande alisema. "Tulikuwa tunazoa."

Walimaliza, wakampaka kifaranga dawa ya zambarau, wakamweka ndani ya boksi karibu na jiko, na yule wa kwenye boriti wakamteremsha wakamweka naye. Ndipo wakaenda zahanati. Tabibu alikinyoosha kidole cha Fundi, akakifunga kwa kibao, akaliona sikio la Afande, akaziona shingo na mikono.

"Mmepatwa na nini, mama zangu?"

"Tumeanguka," walisema wote kwa pamoja.

"Mmeangukia wapi, kwenye mashine ya kusaga?"

Kwa siku kadhaa nyumba ile ilikuwa na wanawake wawili na maneno kama kumi. Fundi hakuondoka, maana hakuwa na pa kwenda, na pia alikuwa na vifaranga wawili wa kuuguza. Alipofungua mdomo ilikuwa kwa jambo moja.

"Namtaka Nyapara kwenye chungu."

"Nyapara hachinjwi," Afande alisema. "Nyapara anahamishwa." Aliona mdogo wake anakunja uso, akainua kiganja. "Ngoja. Hili najua. Ukiwa na nyapara katili, ukimpiga unampa sifa. Unamhamisha jela nyingine, miezi miwili. Akirudi anakuta kitanda chake kina mtu. Hana makali tena. Ukimuua huyu leo, Karani atakuwa Nyapara kesho."

Fundi alifikiri. "Na safari hii nani anakata waya?"

"Hakuna."

Nyapara aliwekwa chini ya tenga nyuma ya jiko, mahali ambapo hakuwaona wenzake wala kuonwa. Alipiga tenga usiku na mchana mpaka mdomo ukachubuka. Bandani walipigana siku mbili, wakatoana manyoya, halafu Karani akapanda ufito wa juu. Fundi aliutengeneza tena wavu, safari hii upande usio na masanduku, na Afande ndiye aliyeshika mbao zikipigiliwa misumari na muuza mkaa. Baadaye walitoboa kijilango kidogo chini ya wavu, cha kupita vifaranga peke yao. Wale wawili walitoka, wakadonolewa, wakakimbilia ndani, wakatoka tena. Yule aliyeshonwa aliota manyoya ya kwenda kinyume mgongoni, akaonekana kila wakati amepigwa na upepo. Alikuwa mwoga lakini mwepesi. Ikafika siku makoo wakachoka kumfukuza.

Ndipo Afande akasema Nyapara ametumikia vya kutosha.

Walimrudisha asubuhi, jua limeshapanda. Afande alimweka katikati ya kiwanja, akarudi nyuma hatua chache. Nyapara alijikung'uta, akainua shingo kama zamani, akasubiri kimya kiingie.

Karani alimjia bila kukimbia. Alimdonoa kichwani mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayegonga muhuri. Damu ikatoka kwenye undu, ile nyama nyekundu ya utosini. Na makoo wote, wale waliokuwa wakila mabaki yake miaka yote ile, wakaja. Walimlaza chini. Walimvuta manyoya ya mkia kwa mafungu. Mmoja alimtoboa jicho, jicho likatoka, na mwingine akalipora na kukimbia nalo. Wale wawili wadogo nao walipenya katikati ya miguu ya wakubwa, na yule aliyeshonwa akadonoa alipoweza kufikia. Nyapara hakulia. Aliendelea kupiga, upofu upofu, akiwakosa.

Fundi aliyetaka chungu alisimama akitazama. Alijua angepaswa kufurahi. Badala yake alijikuta ameshavuka fito, kibao cha kidole kimenyooka mbele, anawapiga teke makoo huku na huku.

"Toka huko, mkono mbovu wewe!" Afande alipiga kelele, naye akaingia. Hakuwa na rungu. Aliinama juu ya Nyapara kwa mwili mzima, akamkumbatia kifuani. Bwana Jela alimrukia kwa nyuma, ule mwiba wa mguuni ukazama kwenye msuli wa mguu wake mpaka ukagota. Afande aliguna, hakumwachia koo. Fundi alimshika jogoo mkia kwa mkono wa kushoto akamtupa juu ya banda. Wote wawili walitoka pale kama watu waliopita kwenye miba.

Nyuma ya jiko Afande alimlaza Nyapara mapajani. Fuvu lilikuwa wazi. Jicho lililobaki lilimtazama bila kupepesa, na mdomo ukatafuta kidole chake, ukauma.

"Tumshone?" Fundi aliuliza.

"Hapana cha kushona hapa." Afande alinyoosha mkono. "Nipe kisu. Kile kikali."

Alimshika mabawa kwa mguu, akavuta shingo, akakata mara moja. Mwili ulipiga kelele za mabawa kwa muda, ukatulia. Afande alibaki amekaa, damu inamchuruzika mguuni, ya kwake na ya kuku.

"Nilidhani najua," alisema.

Fundi alikaa kando yake. "Ulijua nusu, dada."

Nyama hawakuiweza, si mmoja wala mwingine. Walimpelekea muuza mkaa. Kesho yake alipita na bakuli lililooshwa. "Mgumu kama soli ya kiatu," alisema, "nimemchemsha mpaka gunia la mkaa likalia. Lakini mchuzi wake, jamani!"

Hawakuombana radhi. Katika nyumba ile neno hilo halikuwahi kuwa na kiti. Wale wawili walikua, wote mitetea, wakapata nafasi zao kwenye ufito wa chini kabisa, karibu na mlango. Kidole cha Fundi kilipona kikiwa kimepinda. Alijifunza kusukuma sindano kwa kidole cha kati, na magodoro yakaendelea kutoka, mishono imeinama kidogo.

Kukiwa na baridi kidole kilimuuma sana. Asubuhi za namna hiyo alikuta beseni la maji ya moto mlangoni mwa chumba chake, na mtu aliyeliweka tayari amekwenda zake uani, anachechemea, akijifanya anatafuta mayai. Fundi alitumbukiza mkono, akautoa haraka.

"Yamezidi moto!" alipaza sauti.

"Ngoja yapoe," ilijibu sauti kutoka uani.